Chupa za vitamini na mgao uliopungua: nini hasa kinazuia presha na kisukari Sherikat?

Ukivuka Nile kutoka katikati ya Juba, upitie daraja la zamani au lile Daraja la Uhuru lililofunguliwa Mei 2022, unaingia Gumbo, na mbele kidogo ni Sherikat. Barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami, inaingilia Juba hapa. Unga wa mahindi kutoka Uganda, mafuta ya kupikia, sukari, vitunguu na nyanya huja kwa njia hii. Hapa pia wanaishi watu waliorudi kutoka kambi za Kenya na Uganda, wengine waliohamishwa na vita ndani ya nchi, pamoja na wafanyabiashara Wakenya, Waganda, Wakongo na Waethiopia. Ndiyo maana mtu anaweza kuuliza bei kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiarabu cha Juba, na hakuna anayeshangaa.

Pamoja na unga na sukari kuna biashara nyingine inayokua, ya chupa. Vitamini za rangi zote, poda ya mlonge, mafuta ya habasoda, vidonge vya samaki, chai ya kushusha sukari, "dawa ya kusafisha damu". Wauzaji wengine wana meza, wengine wanapita nyumba kwa nyumba, wengine wanauza kwa WhatsApp kwa mfumo ule wa kuingiza watu chini yako. Msomaji wa Kakuma, Kalobeyei, Nakivale au Kyangwali anazijua chupa hizo hizo. Ahadi ni moja: utaepuka presha, kisukari, kiharusi na saratani, na kama tayari unaumwa utaacha dawa za hospitali.

Jibu fupi ni kwamba nyingi ya chupa hizo hazizuii magonjwa hayo, chache zinasaidia watu wa aina fulani, na baadhi ni hatari kwa mtu anayekula mara moja kwa siku. Jibu refu linapita kwenye mgao wa chakula, bei za soko na dawa zinazokosekana kliniki, na humo ndimo tatizo lilipo.

Njaa na presha ni ndugu

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba kisukari na presha ni magonjwa ya wakubwa wenye vitambi, na kwamba mkimbizi aliyekonda hana la kuogopa. Imani hii imewachelewesha watu wengi kupima. Shirika la kimataifa la kisukari, IDF, linakadiria kwamba barani Afrika takriban watu 7 kati ya 10 wenye kisukari hawajui kama wanacho.

Ukweli ni mchungu zaidi. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watu 1,339 mjini Enugu, Nigeria, waliozaliwa kabla, wakati na baada ya njaa ya vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970. Wakiwa na umri wa miaka 40 hivi, wale waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa walikuwa na presha ya juu zaidi, sukari nyingi zaidi kwenye damu na viuno vinene zaidi kuliko waliozaliwa baada ya vita. Uchunguzi wa watu waliozaliwa Uholanzi katika njaa ya 1944 na 1945 ulikuwa umeonyesha jambo kama hilo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mwili wa mtoto aliyekosa chakula tumboni unajifunza kuweka akiba ya kila kitu. Akija kukutana na sukari na mafuta ya bei rahisi ukubwani, mwili ule ule uliomwokoa unamgeuka.

Sasa fikiria Sudan Kusini. Watoto wa njaa ya Bahr el Ghazal ya 1998 wanakaribia miaka 30. Njaa iliyotangazwa Leer na Mayendit ilikuwa Februari 2017. Hawa ndio vijana wanaoendesha bodaboda na kubeba magunia sokoni leo, na wanakunywa chai yenye sukari kama chakula cha mchana. Hakuna chupa inayoweza kurudi nyuma kurekebisha miezi tisa ya tumboni. Lakini wajawazito wa leo wanaweza kulishwa leo. Kwa hiyo shirika linapopunguza lishe ya ziada ya wajawazito na wanaonyonyesha, linaongeza idadi ya wagonjwa wa presha wa mwaka 2060, hata kama jambo hilo halimo kwenye ripoti zake.

Kuna upande wa pili wa hadithi hii ambao watu wa kambini wataupenda. Uingereza iligawa sukari kwa kadi wakati wa vita na baada yake, hadi Septemba 1953. Kadi zilipoondolewa, ulaji wa sukari karibu uliongezeka mara mbili katika muda mfupi. Utafiti uliotoka mwaka 2024 katika jarida la Science uliwalinganisha watu waliozaliwa kabla na baada ya hapo. Waliokuwa tumboni na katika miaka yao ya kwanza chini ya mgao walikuwa na hatari ya kisukari pungufu kwa asilimia 35 hivi, na ya presha pungufu kwa asilimia 20 hivi. Kumbuka kwamba Waingereza wale hawakuwa na njaa. Walipata mkate, viazi na mboga, na kilichobanwa sana kilikuwa sukari. Mgao wetu umebanwa kinyume chake.

Kinachobaki kwenye sufuria

Kipimo cha mashirika kwa mtu mmoja ni kilokalori 2,100 kwa siku. Kakuma na Dadaab, katikati ya 2025, mgao ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili, na baadaye watu wakagawanywa katika makundi, wengine wakapata na wengine wakakosa kabisa. Uganda, WFP iliwaondoa takriban watu milioni moja kwenye msaada wa chakula mwaka huo huo. Ndani ya Sudan Kusini mgao umekuwa sehemu tu ya kiwango kamili kwa miaka kadhaa. Mkazi wa Sherikat kwa kawaida hapati mgao wowote, isipokuwa walio katika maeneo kama kambi ya wahamishwa ya Don Bosco Gumbo. Yeye ananunua, na anachonunua kinategemea pauni ambayo imeporomoka hasa tangu Februari 2024, bomba la mafuta lilipopasuka upande wa Sudan na serikali ikashindwa kulipa mishahara kwa miezi mingi.

Pesa zikipungua, vitu vinaondoka kwenye sufuria kwa mpangilio unaojulikana. Nyama na samaki huondoka kwanza, kisha maziwa, kisha maharage, kisha mboga na matunda. Vinavyobaki ni unga, mafuta, sukari na chumvi, kwa sababu ndivyo vinavyotoa nguvu au ladha nyingi kwa pesa kidogo. Mama anayefanya hivyo anajua hesabu yake vizuri. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo ndiyo njia fupi ya kufika kwenye presha na kisukari.

Tuanze na chai. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana isizidi 25. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4. Glasi ndogo ya shai yenye vijiko vinne ni gramu 16, na glasi tatu kwa siku ni gramu 48 kabla hujagusa soda. Chumvi nayo: kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kikihesabu kila kitu ulichokula. Vile vidonge vya mchuzi ambavyo wengi tunaviita Maggi hata vikiwa vya kampuni nyingine, takriban nusu ya uzito wake ni chumvi. Mboga ikiwa haina nyama wala karanga, vidonge viwili vitatu ndivyo vinavyoipa ladha, halafu chumvi ya kawaida inaongezwa juu yake. Nasema hivi bila kumlaumu mpishi, maana mboga chungu isiyo na kitu hailiki na watoto wataikataa.

Mgao ukikosea unaweza kuleta ugonjwa kwa haraka ya kutisha. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakiishi kwa mahindi. Karanga, zilizokuwa chanzo chao kikubwa cha vitamini inayoitwa niasini, zilipokatika kwenye mgao, zaidi ya watu 17,000 walipata pelagra katika miezi michache. Ngozi ilibabuka shingoni na mikononi, wakaharisha, wengine wakachanganyikiwa akili. Pale vidonge vya vitamini vilikuwa tiba ya kweli, kwa sababu watu walikosa kitu kimoja kinachojulikana na wakapewa hicho hicho. Kirutubisho kinasaidia pale penye upungufu wake. Wauzaji wa chupa wanauza kitu kingine kabisa, yaani wazo kwamba kikifaa kwa aliyepungukiwa, kingi zaidi kitamfaa kila mtu.

Pemba, Dar es Salaam na kikombe cha Babu

Wazo hilo limejaribiwa, tena hapa kwetu.

Kisiwani Pemba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waliingizwa katika jaribio kubwa. Baadhi walipewa madini ya chuma na foliki, yale tunayoyaita "dawa ya kuongeza damu". Nia ilikuwa njema, maana upungufu wa damu ulikuwa mwingi. Sehemu ya madini ya chuma ilisimamishwa mwaka 2003, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006: waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa au kufa. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi. Watoto ambao kweli walipimwa wakaonekana wamepungukiwa na chuma, na ambao malaria yao ilifuatiliwa na kutibiwa, walinufaika. Tangu hapo ushauri wa WHO ni kwamba penye malaria, chuma kwa watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Chupa ya sharubati ya damu inayouzwa Sherikat kwa mtoto ambaye hajapimwa haina habari hiyo kwenye karatasi yake. Kwa mjamzito mambo ni tofauti: vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki ni vya lazima, asiviache kwa kusoma makala hii.

Dar es Salaam ilitoa somo lingine, tena mara mbili. Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya wanawake wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI, wakati ambapo ARV zilikuwa bado hazijawafikia. Waliopewa vitamini za kundi B pamoja na C na E walichelewa kuzidiwa kuliko wasiopewa. Habari hiyo ilishangiliwa, na ilistahili. Lakini mwaka 2012 yakatoka matokeo ya jaribio lingine katika jiji hilo hilo, watu 3,418 waliokuwa wanaanza ARV, wengine wakipewa vitamini za kiwango cha juu na wengine kiwango cha kawaida. Kiwango cha juu hakikupunguza vifo wala kuzidiwa, na vipimo vya ini vilikuwa vibaya zaidi kwa waliokipata. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Jiji lilikuwa lile lile na vitamini zilikuwa za aina ile ile, lakini hali ya mgonjwa ilikuwa imebadilika.

Kwa watu ambao hawana upungufu, majaribio makubwa ya nchi tajiri yanatoa picha inayofanana. Marekani, watu 25,871 wa umri wa miaka 50 na zaidi walifuatiliwa kwa miaka mitano hivi wakimeza vitamini D au mafuta ya samaki au vidonge visivyo na kitu. Matokeo ya 2018: saratani haikupungua, na matukio makuu ya moyo kwa ujumla hayakupungua. Finland, mwaka 1994, wanaume wavutaji sigara waliopewa betakarotini, ile rangi ya karoti, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Karoti yenyewe haina kosa lolote. Lakini kitu kimoja kilichotolewa ndani ya karoti na kushindiliwa kwenye kidonge si karoti tena.

Na kwa anayedhani kwamba ahadi ya kuacha dawa za hospitali ni jambo dogo, akumbuke Loliondo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Walisema kinaponya kisukari, UKIMWI, saratani. Wako wagonjwa walioacha vidonge vyao baada ya kunywa. Babu alifariki mwaka 2021, na magonjwa aliyosemekana kuyaponya bado tunayo. Tofauti na chupa za leo, kikombe chake angalau kilikuwa cha bei ya soda.

Karkade bila sukari

Kusema hivi si kudharau mitishamba wala chakula cha asili. Madaktari wengi sasa wanazungumzia tiba ya kuunganisha: dawa za hospitali, chakula, mazoezi, usingizi, na mimea iliyopimwa, vyote vikifanya kazi pamoja na mgonjwa akimwambia mhudumu kila anachotumia. Kwa maana hiyo, Juba ina utajiri ambao hauuzwi kwenye chupa.

Chukua karkade, yale maua mekundu yanayoitwa rosela au choya Tanzania. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio la watu 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda na hawakuwa wakitumia dawa. Waliokunywa vikombe vitatu vya karkade kwa siku kwa wiki sita, presha yao ya juu ilishuka kwa pointi 7 hivi. Waliokunywa kinywaji cha kufanana nacho walishuka pointi 1. Si muujiza, ni jaribio dogo, na halimtoshi mtu mwenye presha ya 180. Lakini ni ushahidi bora kuliko wa chupa nyingi. Shida ni kwamba karkade yetu hunywewa ikiwa na sukari nyingi, na hapo unachokipata kwa mkono mmoja unakipoteza kwa mwingine.

Kisha kuna kudra, bamia, majani ya kunde na maharage. Mboga za majani na kunde zina potasiamu, ambayo husaidia mwili kutoa chumvi. Jaribio maarufu la Marekani la mwaka 1997, lililowalisha watu 459 mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa na maziwa yasiyo na mafuta mengi, lilishusha presha ya juu kwa pointi 11 kwa wale waliokuwa na presha tayari. Huo ni uwezo wa kidonge kimoja cha hospitali, na ulitoka jikoni. Mtama, ule dura wa kisra na asida, ukisagwa na ganda lake hupandisha sukari polepole kuliko unga mweupe wa mahindi uliokobolewa. Ni kichekesho kidogo kwamba mtama mwingi wa msaada huuzwa ili kununua unga mweupe. Sababu ninazielewa: mtama unahitaji kuni nyingi na kinu, na watoto wa Kakuma walizoea ugali mweupe. Mlonge pia ni mboga nzuri sana. Upande nyuma ya nyumba, ule majani yake, usilipie chupa yake.

Hapa nina hoja ya kisera ambayo sijaiona ikijadiliwa vya kutosha kwenye mikutano ya mashirika. China, katika vijiji 600, watu karibu 21,000 wenye historia ya kiharusi au wazee wenye presha walifuatiliwa. Nusu ya vijiji ilipewa chumvi ambayo robo yake ni potasiamu badala ya sodiamu. Matokeo ya 2021: viharusi vilipungua kwa asilimia 14, na vifo pia vilipungua. Januari 2025 WHO ilitoa mwongozo unaopendekeza chumvi ya aina hiyo kwa watu wazima, isipokuwa wajawazito, watoto na wenye matatizo ya figo. Chumvi ya mgao tayari huwekwa madini ya joto ili kuzuia rovu, kwa hiyo njia ya kubadili chumvi ya watu wengi kwa mara moja ipo. Tahadhari ya figo ni ya kweli, na katika kambi ambako watu hawajapimwa figo haiwezi kupuuzwa. Lakini angalau ijaribiwe mahali ambapo kuna kliniki.

Dawa ipo, chakula hakuna

Jambo la hatari zaidi kwa msomaji mwenye kisukari halisemwi na muuza chupa wala na anayegawa mgao. Baadhi ya dawa za sukari zinafanya kazi hata kama hujala. Glibenklamidi, kidonge cha bei rahisi kinachopatikana kila duka la dawa, hulazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Mtu anayekimeza asubuhi halafu akala saa mbili usiku anaweza kushuka sukari hadi kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa na kuzimia. Orodha ya dawa muhimu ya WHO inaonya kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye umri zaidi ya miaka 60, na inataja gliklazidi badala yake. Metformini haina hatari hiyo kwa kiwango hicho. Kwa hiyo mgao ukikatwa, au siku za kufunga zikifika, rudi kliniki useme ukweli: nakula mara moja. Hiyo ni sababu halali ya kubadilishiwa dawa au kipimo chake, wala si uzembe. Kama umetumia metformini kwa miaka, uliza pia kuhusu vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuipunguza mwilini. Ni mojawapo ya mara chache ambapo kidonge cha vitamini kina kazi ya kweli.

Hatari hiyo hiyo inaweza kujificha kwenye mitishamba. Mwaka 2008 nchini Singapore watu 150 wasio na kisukari waliingia hospitali wakiwa wameshuka sukari vibaya, na 4 walikufa. Chanzo kilikuwa dawa za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za asili, ambazo zilikuwa zimechanganywa na glibenklamidi. Ukinywa "chai ya sukari" na ikashusha sukari kwa kasi kama dawa ya hospitali, jiulize ndani yake kuna nini. Sudan Kusini ina mamlaka ya kudhibiti dawa na chakula iliyoundwa kwa sheria ya 2012, lakini kati ya sheria hiyo na meza ya barabarani Sherikat kuna umbali mrefu.

Kuhusu insulini na joto, kuna habari njema iliyotoka kambini kwenyewe. MSF na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, ambalo hubadilika kati ya nyuzi 25 na 37 kwa siku, kisha wakaiga joto hilo maabara. Matokeo ya 2021: insulini iliyokaa hivyo kwa wiki nne ilikuwa na nguvu sawa na iliyokaa kwenye friji. Kwa hiyo kumlazimisha mgonjwa atembee kliniki kila siku kudungwa kwa sababu hana friji hakuna msingi. Mtungi wa udongo wenye unyevu, kivulini, unasaidia zaidi. Hii haimaanishi kuacha chupa juani kwenye bati.

Ugonjwa ulio ndani ya gunia

Kuna saratani moja ambayo kinga yake iko sokoni Sherikat kabisa. Mwaka 2023 malori mengi ya mahindi na mtama kutoka Uganda yalizuiwa mpakani, Elegu na Nimule, kwa madai ya sumukuvu. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu madereva na ugomvi wa kidiplomasia. Sumukuvu ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, mtama na karanga zisizokauka vizuri. Kwa wingi huua haraka: Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kwa kidogo kidogo huleta saratani ya ini, na kwa mtu mwenye homa ya ini ya aina B hatari huzidishwa mara nyingi. Sudan Kusini ni kati ya nchi zenye homa ya ini B kwa wingi, na chanjo ya watoto inayoizuia iliingia mwaka 2014 tu. Maana yake, karibu kila mtu mzima hapa alikua bila chanjo.

Kupika hakuiondoi sumu hii. Kinachosaidia ni kuchambua: punje zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, wala asipewe mbuzi anayekamwa, maana sumu hupita kwenye maziwa. Karanga chungu iteme. Dakwa, siagi ya karanga, nunua iliyosagwa mbele yako kutoka karanga ulizoziona. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kinahitaji mashine kukipima. Kwa hiyo kupima ni kazi ya serikali mpakani, wala mnunuzi wa kilo mbili hawezi kubebeshwa.

Kwenye kamati za wakazi na mikutano ya ugawaji, maswali yamekuwa yale yale: lini, kiasi gani, nani ameondolewa kwenye orodha. Ni maswali ya haki. Yaongezwe mengine matatu. Kliniki hii ina metformini, amlodipini na insulini kwa miezi mingapi mbele, na shirika linaloiendesha likiondoka nani anazileta? Sanduku la WHO la dawa za magonjwa yasiyoambukiza, lililobuniwa mwaka 2017 kwa ajili ya dharura na linalotosha watu 10,000 kwa miezi mitatu, limeombwa? Na mgonjwa anayerudi Juba kutoka Kakuma au Adjumani, anapewa karatasi inayoonyesha dawa zake na vipimo vyake, pamoja na akiba ya angalau mwezi mmoja, au anapandishwa basi akiwa na daftari lililoloana?